NVivo haitakuchambulia: namba ya mshiriki ndiyo inayounganisha dodoso na usaili

Swali: Shikamoo. Nasoma shahada ya uzamili hapa Arusha. Utafiti wangu ni wa mkabala mseto (takwimu pamoja na masimulizi), kuhusu mikopo kwa wanawake wafanyabiashara wa masoko ya Kilombero na Mbauda. Nina madodoso 210 niliyokusanya kwa KoboToolbox (Kobo, programu ya kujazia dodoso), usaili wa wanawake 24 na majadiliano ya vikundi 4, vyote kwa Kiswahili. Msimamizi wangu amesema "weka kwenye NVivo". Je, NVivo itanichambulia? Nitaunganishaje na SPSS, ile programu ya takwimu? Na ni lazima nitafsiri kila kitu kwa Kiingereza kwanza?

Jibu: Marahaba. NVivo haichambui, na usitafsiri. Ama kuunganisha na SPSS, hakufanyiki mwishoni kwa kuzipanga sura mbili za matokeo zikae jirani. Kunafanyika kwenye safu moja ya jedwali, ile yenye namba ya mshiriki, na hapo ndipo tutakaa zaidi kwa sababu ndipo kazi za wanafunzi wengi zinapovunjikia.

Programu za aina hii, iwe NVivo, MAXQDA, ATLAS.ti, Dedoose au QualCoder, zinakutunzia maandishi, zinakuruhusu kubandika misimbo (lebo za maana, yaani kusimba) kwenye vipande vya maneno, zinakukusanyia vipande vyote vyenye msimbo mmoja, na zinakuhesabia nani kasema nini. Basi. Kuamua kwamba sentensi fulani ni "aibu" na si "hofu" ni kazi yako. SPSS ukiipa takwimu na amri inakutolea wastani. NVivo ukiipa usaili 24 usiosimbwa inakurudishia usaili 24. Kuna vitufe vya kusimba kwa otomatiki na vya kupima hisia za msemaji, lakini vimejengwa zaidi kwa lugha nyingine. Kwa Kiswahili cha sokoni usivitegemee.

Wale 24 wametoka wapi?

Kabla hujafungua programu yoyote, jibu hili. Kama wanawake 24 uliowasaili wamo miongoni mwa wale 210, na unajua nani ni nani, kila mmoja unamwona kwa pande mbili: alivyojaza dodoso na alivyosimulia. Kama ni watu wengine kabisa, utafiti wako bado ni wa mseto na ni halali, ila utalinganisha kundi kwa kundi tu, si mtu kwa mtu, na lazima useme hivyo kwenye sura ya mbinu.

Kama wamo lakini hukuwapa namba, angalia Kobo ilichukua nini. Mara nyingi kuna namba ya simu. Itumie mara moja kuwaoanisha, mpe kila mtu namba ya utafiti, kisha ifute simu kwenye nakala utakayochambulia. Orodha inayoonyesha simu ipi ni ya namba ipi ikae faili lake peke yake, lenye nywila, mbali na data. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu hata ukiwa mwanafunzi. Ina masharti pia juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, kwa hiyo usipakie sauti za wahojiwa kwenye huduma ya mtandaoni ya kunukuu (kugeuza sauti kuwa maandishi) bila kujua seva ziko wapi na bila ridhaa yao kulitaja jambo hilo.

Namba yenyewe ianze na herufi: KLB-007 kwa Kilombero, MBD-112 kwa Mbauda. Ukiandika 007 peke yake, Excel itaifanya 7, nawe utakuwa na "007" kwenye jina la faili la usaili na "7" kwenye jedwali. Programu haitajua kwamba huyo ni mtu mmoja.

Kwa nini tunang'ang'ania namba

Chukua mfano wa kubuni, lakini wa aina utakayokutana nayo. Dodoso linauliza: "Katika miezi 12 iliyopita, umewahi kuchelewesha rejesho?" KLB-031 amejibu hapana. Ndani ya SPSS amehesabiwa mlipaji mzuri, pamoja na wengine wengi waliojibu hivyo. Kwenye usaili anasema hivi kuhusu kausha damu, yaani mkopo wa riba kubwa:

"Rejesho la kausha damu ni kila siku, niuze nisiuze. Siku hiyo sikuuza, nikachukua hela ya kikundi nikawapa. Kikundini nikasema mtoto anaumwa."

Kipande hiki kinabeba misimbo mitatu: "rejesho la kila siku", "kuhamisha deni" na "kuficha". Ukikisoma peke yake ni simulizi la mama mmoja mwenye shida. Ukikisoma ukijua kwamba ndiye aliyejibu hapana, unaanza kuona kuwa kile kigeu chako cha dodoso (kipimo kinachobadilika mtu kwa mtu) hakipimi uwezo wa kulipa. Kinapima kama mtu ana mahali pengine pa kuchota. Hakudanganya: kwa yule mkopeshaji hakuchelewa. Sasa una swali la kurudi nalo SPSS: waliojibu hapana, wangapi wana mikopo miwili au zaidi kwa wakati mmoja? Kama dodoso liliuliza idadi ya mikopo, jibu unalo tayari. Hakuna programu itakayokuonyesha hili kama KLB-031 wa kwenye faili na KLB-031 wa kwenye jedwali hawajafungwa pamoja.

Kuandaa maandishi

Nukuu kwa Kiswahili, simba kwa Kiswahili. Majina ya misimbo unaweza kuyaandika kwa Kiingereza kama tasnifu yako ni ya Kiingereza, na mwishoni utatafsiri zile nukuu chache utakazoziweka kwenye ripoti. Kutafsiri usaili mzima kwanza kunakula majuma, na kinachopotea ndicho ulichokwenda kukitafuta: "kausha damu" ikishakuwa mkopo wa riba kubwa, na "kuvunja kikundi" ikishakuwa mwisho wa mzunguko, unasimba maneno yako mwenyewe badala ya yao.

Panga muda kwa ukweli. Saa 1 ya sauti huchukua saa 4 hadi 6 kuinukuu, zaidi kukiwa na kelele za soko. Usaili 24 wa dakika 45 ni saa 18 za sauti, yaani saa 72 hadi 108 za kukaa na visikio, na vikundi bado. Palipo na Kichaga au Kimaasai katikati ya sentensi, andika kilichosemwa na uweke maana kwenye mabano ya mraba, ili baadaye usidhani tafsiri yako ni maneno yake.

Kila usaili uwe faili lake, na jina la faili liwe ile namba tupu. Usiandike "KLB-031 mama wa nyanya final2".

Kuingiza jedwali

Ndani ya NVivo kila mshiriki ni kisa, na kila kisa kinabeba sifa: umri, soko, aina ya biashara, aina ya mkopo. Sifa hizi huziandiki kwa mkono, unaziingiza kutoka Excel. Toa data kutoka Kobo au SPSS, acha safu za vigeu unavyovihitaji tu (8 hadi 12 vinatosha), safu ya kwanza iwe namba ya mshiriki, kisha ingiza kama jedwali la sifa za visa.

Linaloharibika kwanza ni nafasi tupu mwishoni mwa namba. "KLB-031" na "KLB-031 " kwa macho ni kitu kimoja, kwa programu ni watu wawili. Hesabu visa kabla na baada: ukiwa na 24, ukaingiza jedwali, ukakuta 27, basi namba 3 hazikuoana na programu imekuumbia watu wapya. Ukiingiza safu mlalo zote 210 wakati umesaili 24, utapata visa 186 vitupu vitakavyokusumbua kila utakapotengeneza jedwali. Chuja kwanza.

La pili ni thamani na lebo. Kutoka SPSS unaweza kutoa "1" au "Kausha damu". Kwa huku toa lebo, la sivyo jedwali lako litakuwa limejaa 1, 2, 3 na baada ya mwezi hutakumbuka 3 ni nini. La tatu ni majibu yaliyokosekana. Kama umri usiojulikana uliuandika 99, SPSS umeiambia, lakini NVivo hujaiambia. Utakuwa na mama wa miaka 99 sokoni Mbauda. Acha seli hizo tupu. Na umri uugawe makundi mapema, kwa sababu safu yenye umri 24 tofauti haina cha kulinganisha.

Tungeongeza sifa moja ambayo wengi huisahau: mwaka wa mkopo wa mwisho. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu) ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024. Anayesema "halmashauri hawatoi" na anayesema "tupo kwenye foleni" huenda hawapingani hata kidogo, kila mmoja anazungumzia mwaka wake.

Vikundi 4 vya majadiliano ni habari nyingine. Kikundi cha watu 8 si usaili 8. Kama mnukuzi hakuweka alama ya kila msemaji, kikundi kizima kiwe kisa kimoja chenye sifa za kikundi (soko, aina ya mkopo), wala usikichanganye na wale 24 kwenye hesabu yoyote.

Misimbo

Anza na usaili 3, si 24. Soma, simba, na kila msimbo uuandikie maelezo: maana yake, kinachoingia, kisichoingia, na mfano mmoja. Hicho "kisichoingia" ndicho kinachookoa. "Kuficha" iwe kumficha mtu deni au matumizi ya mkopo. Kukataa kumkopesha jirani huku una hela si hapa. Ukifika misimbo 80 kwa usaili 3 umeanza kuweka msimbo kila sentensi; punguza, unganisha, kisha ndipo uendelee na waliobaki. Baadhi ya misimbo ifanane kwa makusudi na mada za dodoso (riba, dhamana, maamuzi ya nyumbani), kwa sababu hiyo ndiyo itakayokutanisha pande mbili. Mingine iache izaliwe na maneno yao.

Kama msimamizi anataka makubaliano ya wasimbaji wawili, mpe mwenzako usaili 3 na maelezo ya misimbo, asimbe bila kuona kazi yako, kisha mlinganishe. Usishtuke NVivo ikikupa makubaliano ya asilimia 97 na kappa ya Cohen (kipimo cha makubaliano kinachoondoa yale ya bahati) ya 0.4 kwa msimbo huohuo. Inahesabu herufi kwa herufi, na maandishi mengi hayana msimbo huo kwa wote wawili, ndiyo maana asilimia inapanda. Kappa nayo inashuka kwa sababu wewe umeweka rangi sentensi na mwenzako aya nzima. Kubalianeni ukubwa wa kipande kabla ya kuanza.

Kutafuta maneno kwa Kiswahili

Hapa miongozo ya Kiingereza haikusaidii. Kwenye mipangilio ya mradi wa NVivo kuna lugha ya maandishi, na Kiswahili hakimo, kwa hiyo utachagua ile ya "nyingine". Maana yake programu haijui kwamba "nilikopa", "mkopo", "wakopeshaji" na "kukopeshana" ni ukoo mmoja. Ukitafuta "mkopo" utapata "mkopo" tu.

Dawa ni kutafuta kipande cha neno. MAXQDA hutafuta kipande popote neno lilipo, mradi hujaiwekea alama ya neno zima, ATLAS.ti ina utafutaji wa ruwaza. Lakini angalia unachovua. "kop" itakuletea mikopo yote, na pia kopo la maharage na makopo ya maziwa, ambayo kwa utafiti wa sokoni si machache. "lip" ni balaa zaidi: malipo, kulipwa, hawalipi, lakini pia alipanda, walipita, nilipofika. Lugha yetu huweka "li" ya wakati uliopita mbele ya vitenzi vingi vinavyoanza na p, na mbele ya "po" ya wakati, na programu haioni mpaka wa viambishi. "dai" itakuletea madai, nadaiwa na daima. "rejesh" ni safi, inaleta rejesho, marejesho na nimerejesha, ikiiacha rejareja nje.

Kwa hiyo tumia utafutaji kukagua kama kuna sehemu uliyoiruka, kamwe usiutumie kusimba kwa mkupuo. Na lile wingu la maneno ambalo kila mtu hulipenda, usipoondoa "na, ya, wa, kwa, ni, yaani, hiyo, sasa", litakuonyesha "na" kubwa kama nyumba. Hata ukiyaondoa, kwenye tasnifu halithibitishi kitu.

Jedwali la misimbo kwa sifa

Ukishasimba, kuna amri ya Matrix Coding kwenye NVivo, na MAXQDA inayo ya kwake. Safu mlalo ni misimbo, safu wima ni sifa. Tuseme, kwa mfano tu, kati ya wasailiwa 24, 9 wana kausha damu na 15 hawana, na msimbo "kuficha" unaonyesha hivi: vipande 31 kwa wale 9, vipande 22 kwa wale 15. Kabla hujaandika chochote, badili hesabu kutoka vipande kwenda watu. Unakuta ni wanawake 7 kati ya 9, na 6 kati ya 15. Vile vipande 31 vilikuwa vingi kwa sababu mama mmoja msemaji sana alichangia 14 peke yake. Na ukiandika 7 dhidi ya 6 bila vigawanyo, utaficha tofauti iliyopo. Andika vyote viwili kila mara.

Usiweke asilimia kwa watu 9, wala usifanye kai-mraba (jaribio la takwimu la kuona kama tofauti ni ya bahati tu) kwa 24 uliowachagua kwa makusudi. Jedwali hili ni la kukuonyesha ukasome wapi. Bofya seli, soma vipande vyote 31, na zaidi wasome wale 2 kati ya 9 ambao hawakuficha. Hao mara nyingi ndio wanaoeleza kwa nini wengine wanaficha.

Kurudi SPSS

Unaweza kutoa jedwali la 0 na 1: kila mshiriki safu mlalo, kila msimbo safu wima, ukaliunganisha na data ya SPSS kwa ile namba. Kumbuka 0 maana yake "hakulitaja", si "halikumpata". Kwenye usaili huru, ambapo kila mtu alikwenda na mazungumzo yake, tofauti hiyo ni kubwa mno. Kwa hiyo hesabu ya namna hii tungeiacha kwa maswali ya wazi ya dodoso, kama Kobo yako ilikuwa nayo: wote 210 waliulizwa swali lilelile, majibu ni mafupi, na ukiyasimba utapata kigeu cha kweli cha kuingiza kwenye uchambuzi.

Kwa usaili, makutano yawe jedwali la pamoja kwenye sura ya matokeo: safu ya kwanza takwimu ya dodoso, ya pili wanachosema wasailiwa pamoja na nukuu moja, ya tatu wewe unahitimisha nini baada ya kuzisoma zote mbili. Safu hiyo ya tatu ndiyo wengi huijaza neno "yanakubaliana" kuanzia juu hadi chini. Kama hakuna hata mstari mmoja ambapo usaili unaipinga au kuipinda takwimu, rudi kwenye misimbo.

Programu ipi

Mtahini hatoi maksi kwa jina la programu. Uliza maktaba ya chuo kama kuna leseni ya NVivo. Ikiwepo, itumie, msimamizi atafurahi. Isipokuwepo, QualCoder ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, ina visa, sifa na ulinganisho wa wasimbaji. Sura yake si ya kuvutia, lakini kwa usaili 24 inatosha kabisa. Taguette nayo ni ya bure na nyepesi kuliko zote, ila haina sifa za visa, kwa hiyo kuunganisha utafanya mwenyewe kwenye Excel. MAXQDA ina menyu maalumu ya mkabala mseto, na kama una bajeti ya leseni moja ya mwanafunzi, hiyo ndiyo tungeilipia. Ile iliyovunjwa ya kupewa kwenye flashi, iache: mara nyingi huja na virusi, na siku ikigoma huna wa kumuuliza.

Mradi ukae kwenye diski ya kompyuta yako. Usiufungue moja kwa moja kwenye flashi au kwenye folda inayojisawazisha na Google Drive, faili linaweza kuharibika katikati ya kuhifadhi. Hifadhi mara kwa mara, umeme hautoi taarifa. Kila jioni nakili mradi ukiwa umefungwa, upe jina lenye tarehe, na ndiyo nakala hiyo uipeleke Drive, ukiifunga kwa nywila. Leseni ya mwanafunzi ina mwisho wake, na marekebisho ya tasnifu huwa yanakuja baada ya mwisho huo, kwa hiyo kabla haijaisha toa mradi pia kwa muundo wa qdpx, unaosomwa na programu nyingi za aina hii, na uchape maelezo ya misimbo kwenye faili la kawaida.